Shamba la Asiye na Shamba: Elimu ya Wasichana katika Visiwa vya Tonga

Katika takwimu za elimu, wastani wa miaka ya kusoma ni hesabu ya miaka ambayo watu wazima wa nchi, kwa kawaida wenye umri wa miaka 25 na zaidi, waliikamilisha shuleni na vyuoni, na hesabu hiyo hutofautiana na ile ya uandikishaji, ambayo huonyesha tu ni watoto wangapi waliomo darasani mwaka huu. Kwa mwanahistoria tofauti hiyo ni kubwa. Uandikishaji unaweza kubadilika ndani ya miaka mitano, serikali ikifuta ada au wafadhili wakijenga madarasa, lakini wastani wa miaka ya kusoma husogea polepole kama kivuli cha alasiri, kwa sababu ndani yake wamo kwa pamoja bibi aliyeacha shule miaka 60 iliyopita na mjukuu wake aliyehitimu juzi. Nchi ambayo wanawake na wanaume wake wazima wanalingana kwa kipimo hiki haikuanza kuwasomesha wasichana jana.

Ufalme wa Tonga, ulioko katika Pasifiki ya Kusini, ni mojawapo ya nchi hizo. Una visiwa zaidi ya 170, vingi vikiwa havikaliwi na watu, na wakazi takriban 100,000, ambao wengi wao wanaishi katika kisiwa kikuu cha Tongatapu, palipo na mji mkuu wa Nukuʻalofa, na waliobaki wametawanyika kaskazini katika makundi ya Haʻapai, Vavaʻu na Niua, na kusini-mashariki katika kisiwa cha ʻEua. Ripoti za Maendeleo ya Binadamu za Umoja wa Mataifa za miaka ya karibuni huipa Tonga wastani wa takriban miaka 11 ya kusoma, kwa wanawake na kwa wanaume vilevile, na tofauti kati yao haifiki hata nusu mwaka. Hali hiyo haiwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba ni desturi ya visiwa vya Pasifiki, kwani upande wa magharibi wa bahari hiyohiyo, katika Papua New Guinea na Visiwa vya Solomon, wanawake wazima wamesoma miaka michache kuliko wanaume. Haiwezi kuelezwa pia kwa utajiri, kwa sababu Tonga haina madini wala mafuta, na kwa vizazi vingi imeishi kwa viazi vikuu, nazi, samaki na fedha zinazotumwa na jamaa walio ng'ambo. Maelezo yake yamo katika historia ya ukoo, ya kanisa na ya sheria ya ardhi, na mambo hayo matatu, kama itakavyoonekana, hayakuvuta kamba upande mmoja.

Ukoo ndio wa kwanza kutazamwa. Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili, kwa sababu lugha yake inamtenga dada wa baba na ndugu wengine wa kike kwa jina lake mwenyewe, shangazi, na inamtenga pia kaka wa mama kwa jina la mjomba. Watonga humwita shangazi mehekitanga, na kwao yeye ndiye mtu wa daraja la juu kabisa katika familia: watoto wa kaka yake humheshimu kuliko wanavyomheshimu baba yao, na katika arusi na mazishi yeye, au mtoto wake, hukaa mahali pa heshima na kupokea mikeka bora na vitambaa vinavyotolewa. Haki hiyo huitwa fahu, nayo ni haki ya dada na watoto wake juu ya mali, kazi na utii wa kaka na watoto wa kaka, kiasi kwamba mpwa aliweza zamani kuchukua kitu cha mjomba wake bila kuomba. Msingi wake ni kanuni moja rahisi, kwamba ndani ya tumbo moja dada humzidi kaka cheo hata akiwa mdogo kwa umri. Heshima kati yao huitwa fakaʻapaʻapa: tangu wanapokaribia kubalehe, kaka na dada hawalali chini ya paa moja, hawataniani, wala hawasemi maneno ya aibu mmoja akiwa karibu na mwenzake.

Ni lazima isemwe wazi kwamba cheo hicho kilikuwa cha dada wala si cha mke. Mwanamke huyohuyo, akiwa kwa kaka yake, alikuwa mkubwa, na akiwa kwa mume wake alikuwa chini ya mume na chini ya dada za mume. Waandishi wengi wa kigeni waliofika visiwani humo waliona upande mmoja tu wa jambo hili, wakaandika ama kwamba wanawake wa Tonga ni malkia ama kwamba ni watumwa, na wote wawili walikosea kwa sababu hawakuuliza mwanamke huyo anatazamwa na nani.

Mgawanyo wa kazi nao una sehemu yake, na pengine hustahili uzito zaidi kuliko unavyopewa. Katika jamii nyingi za kilimo duniani, msichana huchelewa shule au huacha kabisa kwa sababu maji, kuni, palizi na upishi vinamngoja yeye. Nchini Tonga kilimo cha viazi vikuu kilikuwa kazi ya wanaume, na hata tanuri la ardhini liitwalo ʻumu, ambamo chakula huokwa juu ya mawe ya moto, lilikuwa la wanaume. Wanawake walifanya kazi ya mikono ndani ya kijiji: walisuka mikeka laini na kuponda magome ya mti kuwa kitambaa kiitwacho ngatu, na vitu hivyo viliitwa koloa, yaani mali ya thamani, wala havikuhesabiwa kuwa kazi duni ya nyumbani. Kwa hiyo shule ilipofika, mtoto ambaye familia ilimhitaji shambani alikuwa wa kiume, na koloa ya mama na shangazi ilikuja kuwa mojawapo ya njia za kupata ada.

Shule yenyewe ililetwa na Wamethodisti. Jaribio la kwanza, lililofanywa mwaka 1822 na Walter Lawry, halikudumu, lakini mwaka 1826 alifika John Thomas, na mwaka uliofuata wakaja wamisionari wengine walioweka kituo Nukuʻalofa na kuanza kufundisha kusoma. Mwaka 1831 kiwanda cha uchapaji kiliwasili, na vitabu vidogo vya alfabeti na maandiko vikaanza kutoka kwa Kitonga. Mwaka huohuo alibatizwa Tāufaʻāhau, mtawala wa Haʻapai, ambaye baadaye aliviunganisha visiwa vyote na kutawala kwa jina la George Tupou I hadi alipofariki mwaka 1893. Mfalme alipoingia darasani, darasa likawa mahali pa heshima, na kwa kuwa Wamethodisti walimtaka kila muumini asome Biblia kwa macho yake mwenyewe, hapakuwa na sababu ya kidini ya kumwacha mwanamke nje ya mlango. Wake wa wamisionari waliwafundisha wanawake kusoma, pamoja na kushona na mambo ya nyumba, maana nia yao ilikuwa kumtengeneza mke Mkristo na mama Mkristo. Hapo kuna kitendawili kinachostahili kuteguliwa: wageni waliofika kumfunza mke walikutana na jamii iliyomthamini dada, na kila upande ukamkubali mwanafunzi yuleyule kwa sababu zake.

Mwaka 1866 mmisionari James Egan Moulton alianzisha Chuo cha Tupou, ambacho huhesabiwa kuwa miongoni mwa shule za sekondari za kale zaidi katika visiwa vya Pasifiki. Moulton alifundisha hisabati, jiometria, historia na elimu ya nyota kwa Kitonga, akatafsiri na kutunga vitabu vya kiada yeye mwenyewe, na akabuni namna ya kuandika muziki kwa tarakimu ambayo kwaya za Tonga bado huitumia. Uamuzi wake wa kufundisha elimu ya juu kwa lugha ya wananchi haukuwa jambo dogo, kwa sababu lugha ya kigeni huwa chujio, na chujio hilo mara nyingi humwacha kwanza yule ambaye familia ina shaka ya kumgharimia. Chuo hicho kilikusudiwa kwanza kwa wavulana, wachungaji na makarani wa kesho, lakini wasichana nao waliingizwa katika mafunzo ya Moulton, na kutokana na mkondo huo ikatokea shule ya wasichana ijulikanayo leo kama Chuo cha Malkia Sālote. Wakatoliki, waliofika mwaka 1842 chini ya mapadri wa shirika la Maria, nao walijenga shule zao, na masista wakawa walimu wa wasichana. Ushindani wa madhehebu, ambao mwaka 1885 ulifikia hatua ya kuligawa kanisa la Wamethodisti na kuzaa mateso ya kweli kwa wale waliobaki na Moulton, ulikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeyapanga: kila kanisa lilitaka shule yake, na hakuna kanisa lililotaka kusemwa kwamba binti zake hawasomi.

Serikali nayo haikukaa pembeni. Tangu karne ya 19 sheria za ufalme ziliwataka watoto wahudhurie shule, bila kumtofautisha wa kiume na wa kike, na usimamizi wa shule za msingi kwa sehemu kubwa ukawa wa serikali, huku sekondari zikibaki mikononi mwa makanisa, mgawanyo unaoonekana hadi sasa. Tonga iliyafanya haya bila kuwa koloni. Mkataba wa mwaka 1900 uliiweka chini ya ulinzi wa Uingereza hadi mwaka 1970, lakini mfalme, bunge na mahakama vilibaki vya Watonga, na hapakuwa na serikali ya kigeni iliyohitaji makarani wachache wa kiume na kuwaona wasichana kuwa gharama isiyo na faida. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki, ambako shule za kwanza za serikali ya kikoloni zilijengwa kwa kusudi hilohilo la makarani, na ambako nafasi za wasichana zilikuja baadaye na kwa uchache, wataiona haraka tofauti hiyo.

Hata hivyo dola hiyohiyo ilimpokonya dada kitu kikubwa. Katiba ya mwaka 1875, iliyoandikwa kwa msaada wa mmisionari Shirley Baker, ilipiga marufuku uuzaji wa ardhi kwa mtu yeyote, na kwa katazo hilo ilikilinda kizazi baada ya kizazi cha Watonga dhidi ya walowezi walionunua visiwa vya majirani zao. Lakini urithi uliwekwa kwa njia ya baba kwenda kwa mwana, na sheria za ardhi zilizofuata zikampa kila mwanamume anayefikisha miaka 16 haki ya kuomba shamba la ekari nane na robo, yaani zaidi kidogo ya hekta tatu, pamoja na kiwanja cha makazi. Kipande hicho huitwa ʻapi. Mjane aliruhusiwa kukaa juu ya ʻapi ya marehemu mume wake maisha yake yote, mradi asiolewe tena wala asithibitishwe kuwa na mwanamume mwingine. Binti aliweza kuwa na haki za muda katika hali chache. Mwanamke kwa nafsi yake, awe wa cheo gani katika ukoo, hakupewa shamba. Mtu ambaye watoto wa kaka yake walimwinamia alikuwa, mbele ya ofisi ya ardhi, si mtu wa kuandikwa.

Hapa ndipo historia ya miaka ya kusoma inapopata mhimili wake. Kijana wa kiume aliyefikisha miaka 16 alikuwa na kitu cha kumngoja, hata kama ni shamba la minazi lililo mbali na barabara, na familia iliyomwona shuleni ilihesabu pia kazi yake iliyokuwa ikilala. Dada yake hakuwa na kitu cha namna hiyo. Ikiwa kaka alipaswa kumtunza, na desturi ilimtaka amtunze, basi ada ya shule ilikuwa njia moja ambayo heshima ya fakaʻapaʻapa iliweza kulipwa bila kugusa sheria ya ardhi. Karne ya 20 ilipoendelea na idadi ya watu ikaongezeka, mashamba hayakutosha hata kwa wavulana, na wengi walifikisha miaka 16 wakabaki na haki iliyoandikwa kwenye karatasi tu. Hapo elimu ikawa urithi wa watoto wote, lakini wasichana walikuwa wametangulia kuizoea kama urithi wao.

Mfano ulitoka juu kabisa. Sālote Tupou III, aliyezaliwa mwaka 1900, alipelekwa akiwa mtoto kusoma Auckland, New Zealand, na mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 18, alirithi kiti cha baba yake na kukikalia hadi mwaka 1965. Mwanzo wake ulikuwa mgumu, kwa sababu mwaka huohuo homa ya mafua iliyozunguka dunia iliua watu wengi nchini mwake, na kwa sababu baadhi ya machifu hawakumtaka. Alijibu kwa kuitawala nchi kwa subira, kwa ujuzi wa nasaba na kwa ushairi, maana alikuwa mtunzi mkubwa wa nyimbo za ngoma ziitwazo lakalaka. Kwa karibu nusu karne hakuna baba wa Kitonga aliyeweza kusema kwa uzito kwamba elimu ya binti haina mahali pa kwenda. Chini ya utawala wake, na kwa juhudi za mwanawe aliyekuwa waziri wa elimu, chuo cha kufundisha walimu kilifunguliwa mwaka 1944 na Shule ya Sekondari ya Tonga mwaka 1947. Shule hiyo ilikuwa ya serikali, ilichanganya wavulana na wasichana, na mlango wake ulikuwa mtihani. Mtihani una ukatili wake, na watoto wengi wa visiwa vya mbali waliumizwa nao, lakini haukuuliza jinsia ya mtahiniwa. Chuo cha walimu nacho kiliwafungulia wasichana kazi yenye mshahara na heshima, na mwalimu wa kike katika kijiji akawa sababu ya binti wengine kubaki darasani. Mwaka 1951 wanawake wakapata haki ya kupiga kura.

Kutoka katika shule hiyo ya mtihani alitokea Konai Helu Thaman, mshairi na profesa wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, kilichofunguliwa Suva, Fiji, mwaka 1968 kwa ajili ya mataifa ya eneo hilo. Mchango wake unahusu swali ambalo hesabu ya miaka haiwezi kulijibu, yaani mtoto amejifunza nini, na kwa faida ya nani, katika miaka hiyo yote. Alichukua kakala, shada la maua yenye harufu ambalo wanawake wa Tonga hulitunga kama wanawake wa Uswahilini wanavyotunga kikuba, akalifanya mfano wa elimu yenye hatua tatu: toli, kuyachagua na kuyachuma maua, tui, kuyatunga, na luva, kumpa mwingine. Shada ambalo halijatolewa halijakamilika. Mfano huo umetumiwa sana na watafiti wa Pasifiki, na ni jambo la kuzingatia kwamba nadharia hiyo ya elimu ilichukuliwa kutoka katika kazi ya mikono ya wanawake.

Nusu ya pili ya karne ya 20 na mwanzo wa karne iliyofuata vinaweza kupitiwa haraka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1974 iliwataka watoto wa miaka 6 hadi 14 wawe shuleni, na ile ya mwaka 2013 ikapanua umri huo kuwa miaka 4 hadi 18. Vyama vya wanafunzi wa zamani, vilivyoenea hadi Auckland, Sydney na miji ya Marekani, vilichanga fedha kwa ajili ya shule za makanisa, na usawa wa wasichana na wavulana katika shule za msingi ukawa jambo lisilojadiliwa. Katika sekondari mizani iliinama upande wa pili: wavulana ndio walioacha zaidi, wengine wakiitwa shambani, wengine wakikata tamaa ya mtihani, na tangu mwaka 2007, New Zealand ilipofungua mpango wa vibarua wa msimu katika mashamba ya matunda na mizabibu, kijana wa kiume akapata njia nyingine ya kupata fedha isiyohitaji cheti. Wataalamu husema kuna usawa pale uwiano wa wasichana kwa wavulana unapokuwa kati ya 0.97 na 1.03; nje ya mpaka huo, upande wowote, kuna mtoto anayekosa, na mvulana wa Haʻapai aliyeacha masomo akiwa na miaka 15 ni hasara ileile ambayo dada yake angekuwa.

Lakini haki za mali na madaraka hazikufuata mwendo wa shule. ʻAna Taufeʻulungaki, mmoja wa wataalamu wakubwa wa elimu nchini, alikuwa waziri wa elimu kuanzia mwaka 2011 kwa kuteuliwa kutoka nje ya bunge, kwa sababu uchaguzi uliotangulia haukumwingiza mwanamke hata mmoja. Na katika uchaguzi mkuu wa Novemba 2021 hakuna mwanamke aliyeshinda kiti vilevile, ingawa wapiga kura wa kike walikuwa wamesoma sawa na wapiga kura wa kiume. Mwaka 2015 serikali ilitangaza nia ya kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ikiweka masharti yake, na maandamano yakafanyika Nukuʻalofa ya kuupinga. Ni jambo la kusikitisha, na la kufikirisha pia, kwamba wanawake walikuwamo miongoni mwa waandamanaji hao. Wapo walioogopa kwamba sheria ya kigeni ingeifuta fahu, yaani cheo walicho nacho katika ukoo, na hofu hiyo haiwezi kupuuzwa kuwa ni ujinga, kwa sababu waliokuwa nayo walikuwa watu waliosoma.

Sheria ya ardhi imebaki katika mstari wake wa karne ya 19. Mwalimu mkuu wa kike wa Nukuʻalofa, mwenye shahada na miaka 30 ya kazi, ambaye katika mazishi ya kaka yake atakaa mbele ya wote na wapwa zake watainama wakipita, anaweza kukodi kiwanja kwa mkataba wa miaka iliyohesabiwa na kujenga nyumba yake juu yake. ʻApi yenyewe itaandikwa kwa jina la mtoto wa kaka, akishafikisha miaka 16.